Tarakimu Iliingiaje? Kutambua Aina za Mwaka kwenye Senti za Zamani za Marekani

Kuna senti ya Marekani ya mwaka 1844 ambayo wakusanyaji wa sarafu huiandika 1844/81. Ukiishika mkononi ni kipande cha shaba chenye upana wa milimita 27 na ushei. Kina kichwa cha mwanamke aliyevaa taji dogo, nyota 13 zimemzunguka, na chini ya shingo pameandikwa 1844. Hakuna cha ajabu. Sasa weka lenzi juu ya ile 44 ya mwisho, uiinamishe sarafu kidogo kuelekea kwenye taa. Nyuma ya 4 ya kwanza panachomoza vipande vya duara, mabaki ya tarakimu 8. Nyuma ya 4 ya pili kuna kijiti cha 1. Vyote vimekaa kichwa chini, miguu juu.

Anayeiona mara ya kwanza hujiuliza hiyo 81 imetoka wapi. Mwaka 1881 ulikuwa bado mbali, na mwaka 1781 Marekani haikuwa hata na kiwanda chake cha kugonga sarafu. Jibu halihusu mwaka mwingine wowote. Andika 1844 kwenye karatasi, kisha igeuze karatasi juu chini. Kuanzia kushoto utaona 4, tena 4, halafu 8 na 1. Fundi alishika chuma chenye mwaka mzima kichwa chini, akakigonga, akashtuka, akakigeuza na kugonga tena mahali pale pale. Ndiyo maana 81 iliyopinduka imelala hasa chini ya 44. Mwaka 1851 kosa hilo hilo lilirudiwa: geuza 1851 na utapata 1, 5, 8, 1, kwa hiyo kuna senti ya 1851/81 pia.

Nimeanza na sarafu hii kwa sababu inaonyesha mlango sahihi wa kuingilia. Wengi wanaojifunza kutambua aina za mwaka huanza kwa kuuliza: tarakimu ni kubwa au ndogo? Swali hilo linachosha macho na mara nyingi halina jibu, maana kubwa ni kubwa ukiwa na ndogo pembeni, na aghalabu mtu ana sarafu moja tu mkononi. Swali linalofaa zaidi ni hili: katika mwaka huo, tarakimu ziliingizwaje kwenye chuma kilichogonga sarafu? Ukishajua hilo, unajua pia ni makosa gani yangeweza kutokea na yapi hayangewezekana kabisa.

Sarafu haichongwi moja moja, hugongwa. Kipande cha shaba kinawekwa kati ya vyuma viwili vigumu vilivyochongwa picha kwa ndani na kinyumenyume, kinabanwa kwa nguvu, na picha inahamia. Vyuma hivyo nitaviita mihuri. Muhuri mmoja hutoa maelfu ya sarafu, na kilichomo ndani yake, hata kama ni kosa, hujitokeza kwenye kila sarafu iliyogongwa nao. Hapo ndipo "aina" inapozaliwa. Mkwaruzo wa msumari, kutu, au pigo la nyundo la mtoto wa mtu si aina, ni uharibifu wa sarafu moja. Mtu akikuletea senti yenye kovu kwenye mwaka na kudai ni adimu, muulize kama kuna nyingine yenye kovu lile lile mahali pale pale.

Kwa upande wa mwaka, senti za Marekani zina zama tatu. Kuanzia 1793 hadi karibu 1840 tarakimu ziligongwa kwenye muhuri moja moja kwa mkono. Kuanzia hapo hadi 1908 mwaka ulikuwa kwenye panchi (kijiti cha chuma chenye tarakimu iliyotokeza nchani, kinachogongwa kwenye muhuri) moja yenye tarakimu zote, kama ile iliyopinduliwa mwaka 1844. Kuanzia 1909, ilipotoka senti ya Lincoln, mwaka ukawa sehemu ya picha yenyewe, na fundi wa mihuri hakuwa tena na mwaka wa kugonga.

Tarakimu moja moja

Zama za kwanza ndizo tamu kuliko zote, na ndizo zinazowakosesha watu usingizi. Kwenye kiwanda cha Philadelphia, fundi alikuwa na panchi moja kwa kila herufi na kila tarakimu. Alichukua chuma laini, akaingiza kichwa cha Liberty, yule mwanamke anayewakilisha uhuru, kwa panchi kubwa, kisha akagonga herufi na tarakimu moja baada ya nyingine kwa kukisia nafasi kwa jicho. Baada ya hapo chuma kilipashwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu. Hakuna mihuri miwili iliyoweza kufanana. Nafasi kati ya 1 na 7 ilitofautiana, 9 iliinama hapa na kusimama pale, tarakimu ya mwisho ikasogea hadi kugusa shingo. Kwa miaka ya 1793 hadi 1814 pekee, William Sheldon alizipanga senti hizo katika mamia ya michanganyiko ya mihuri, kila mmoja na namba yake inayoanza na S. Howard Newcomb alifanya kazi kama hiyo kwa miaka ya 1816 hadi 1857, na namba zake huanza na N. (Vipimo vya ubora vya 1 hadi 70 vinavyotumika leo kwa sarafu za aina nyingi vilianzia kwa Sheldon huyo, mwaka 1949, kwa ajili ya senti hizi tu.)

Vyuma vizuri havikuwa vingi na kuandaa muhuri ilikuwa kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo muhuri ambao haujachakaa haukutupwa kwa sababu tu mwaka umekwisha. Walichukua panchi ya tarakimu mpya na kuigonga juu ya ya zamani. Ndipo tunapopata mwaka juu ya mwaka: 1798 juu ya 1797, 1807 juu ya 1806, 1811 juu ya 1810, 1819 juu ya 1818, 1823 na 1824 zote juu ya 1822, 1826 juu ya 1825.

Zitazame 1823 na 1824. Mihuri ya 1822 ilikaa mwaka mmoja, mingine miwili, kabla ya kubadilishwa. Ipo ya kushangaza zaidi: 1839 juu ya 1836. Mwanzoni macho hukataa kuamini kuwa muhuri ulikaa miaka 3, lakini ushahidi haumo kwenye mwaka peke yake. Kwenye senti hiyo kamba inayofunga nywele za Liberty ni laini, kama zilivyokuwa senti za 1836, ilhali senti nyingine za 1839 zina kamba ya shanga. Hata kama 9 imechakaa kiasi kwamba 6 ya chini haionekani, nywele zitakuambia. Hili ni jambo la kushika: mwaka hausomwi kwenye mwaka tu.

Kisa cha 1800 kina sura yake. Kuna senti ambayo 8 na 0 ya kwanza zimekaa juu ya 7 na 9, lakini 0 ya mwisho imekaa kwenye uwanja safi, haina kitu chini yake. Kwa nini? Kwa sababu mwishoni mwa karne ile mafundi walikuwa wakiandaa mihuri mapema kwa kugonga 179 na kuacha nafasi ya tarakimu ya mwisho, wajaze baadaye. Karne ikageuka kabla muhuri haujatumika. Iliwabidi wafute 7 na 9 wanavyoweza, kisha wagonge 8 na 0 juu yake, na nafasi iliyobaki wazi ikapata 0 yake bila shida. Ipo pia 1800 iliyogongwa juu ya 1798 kamili, na hiyo ina mabaki chini ya tarakimu zote tatu za mwisho. Ukijua utaratibu wa kazi, huhitaji mtu akutofautishie. Angalia tu chini ya 0 ya mwisho.

Majina ya "mwaka mkubwa" na "mwaka mdogo" huanza kusumbua kwenye mwaka 1803. Ukikaa na rula kupima urefu wa tarakimu kwenye senti iliyolika utapoteza jioni yako. Angalia kichwa cha 1. Kwenye aina zote za mwaka mdogo, 1 ina kichwa butu, kama imekatwa. Kwenye mwaka mkubwa, 1 ina ncha kali, na 3 imevimba waziwazi. Umbo hubaki hata sarafu inapochakaa, vipimo hupotea. Kwa maoni yangu majina haya yangebadilishwa zamani yakaitwa "1 butu" na "1 kali", lakini soko lilishayazoea na soko halisikii.

Kisha kuna 1804, mwaka unaotamaniwa, na kwa hiyo unaoghushiwa. Senti zote halisi za 1804 zilitoka kwenye jozi moja ya mihuri, na hapo ndipo tuna bahati. Tarakimu 4 ina kijimsalaba kwenye mkono wake, sehemu ya 1/100 upande wa pili ni kubwa, na 0 ya mwaka imekaa sambamba na O ya neno OF iliyo upande wa nyuma wa sarafu. Yaani ukichoma sindano katikati ya 0, ingetokea kwenye O. Anayegeuza 1803 kuwa 1804 kwa kupatia 4 nzuri hawezi kuhamisha neno lililo upande wa pili. Zipo pia zile zinazoitwa za kurudiwa: karibu mwaka 1860 watu nje ya kiwanda walipata muhuri wa 1803 uliotupwa, wakaugeuza kuwa 1804, wakauoanisha na muhuri wa nyuma wa 1820 na kugonga sarafu. Herufi za upande wa nyuma zinawasaliti mara moja.

Mantiki hiyo hiyo inakulinda na 1799, ambayo ni adimu na mara nyingi huundwa kwa kukwangua 8 ya 1798 hadi ifanane na 9. Linganisha upande wa nyuma, majani na ile 1/100, na wa 1799 halisi. Na kama mtu anakuuzia senti ya 1815, usihangaike na lenzi. Hakuna senti iliyogongwa na mwaka huo. Vita vya 1812 na Uingereza vilikata usafirishaji, na vipande vya shaba vya senti vilikuwa vikinunuliwa Uingereza kwenyewe, kiwanda cha Boulton kule Birmingham. Kila senti ya 1815 ni ya kughushi au imegeuzwa kutoka mwaka mwingine.

Mwaka mzima kwa pigo moja

Mafundi walipohamia kwenye panchi yenye tarakimu zote nne, nafasi kati ya tarakimu ikaacha kuwa kigezo kwa sehemu kubwa, maana ilikuwa imefungwa ndani ya panchi. Kilichobaki kutofautiana ni panchi yenyewe, na mahali ilipogongwa.

Mwaka 1840 ndio wa mpito, nao unaonyesha mkanganyiko wa kipindi hicho: kuna mwaka mkubwa, kuna mwaka mdogo, na kuna muhuri mmoja ambao mwaka mdogo umelala juu ya 18 kubwa. Mwaka 1846 panchi zilikuwa zaidi ya moja. Ya mwaka mdogo ina tarakimu fupi zilizokaa chini kama zimekandamizwa, na 6 imefunga mdomo, ncha yake inagusa tumbo. Ya mwaka mrefu ina tarakimu zilizovutwa juu, na 6 iko wazi mdomo. Hapo tena, usipime. Tazama mdomo wa 6. Mwaka 1855 na 1856 kuna 5 zilizosimama wima na 5 zilizolala mbele kidogo. Ukiona senti ya 1855 ya 5 zilizolala yenye uvimbe wa mviringo kwenye sikio la Liberty, huo ni ufa: kipande cha muhuri kilimeguka na shaba ikajaa ndani ya tundu. Muhuri uliendelea kumeguka, kwa hiyo zipo sarafu zenye uvimbe mdogo na zenye uvimbe mkubwa, zote kutoka muhuri mmoja.

Senti kubwa za shaba ziliisha mwaka 1857, ambao nao una mwaka mkubwa na mwaka mdogo. Zilizofuata zilikuwa ndogo, milimita 19, kwanza zikiwa na tai arukaye, kisha kuanzia 1859 kichwa cha Liberty mwenye kilemba cha manyoya cha Wahindi Wekundu. Mwaka uliendelea kugongwa kwa panchi kwenye kila muhuri, na kwa kuwa fundi aligonga zaidi ya mara moja ili uingie vizuri, makosa mengi ya zama hizi ni ya kugonga mwaka ule ule mara mbili ukiwa umesogea. Utaona mstari wa pili kando ya 1, au sehemu ya chini ya 8 ikijirudia. Kuna senti ya 1894 ambayo mwaka wake wote umejirudia waziwazi.

Hapa ndipo wakusanyaji walipojichanganya wenyewe kwa muda mrefu. Senti moja ya 1869 iliandikwa kwa miaka mingi kama 1869 juu ya 1868, kwa sababu 9 yake ina kivuli ndani. Wataalamu walipolinganisha vizuri ikaonekana ni 9 juu ya 9, mwaka ule ule uliogongwa mara mbili. Kwa upande mwingine, 1888 juu ya 1887 ni ya kweli. Haikutambuliwa hadi 1970, zaidi ya miaka 80 baada ya kugongwa, na miaka yote hiyo watu walikuwa wakiipitisha mkononi.

Mwaka 1873 ulikuwa na tatizo la aina nyingine kabisa. Panchi ya kwanza ilikuwa na 3 ambayo ncha zake mbili zilikaribiana mno, na kwenye sarafu ndogo ilisomeka kama 8. Mwezi Januari mwaka huo Archibald Loudon Snowden, mkuu wa wagongaji sarafu pale Philadelphia, alimwandikia mkuu wake James Pollock kulalamika kuwa mwaka unasomeka 1878. Panchi mpya ikatengenezwa ikiwa na 3 iliyo wazi. Ndiyo maana karibu sarafu zote za Marekani za 1873, si senti tu, zina 3 iliyofunga na 3 iliyofunguka. Kuitambua ni rahisi: weka lenzi kwenye mdomo wa 3 uone kama ncha zinakaribia kugusana au kuna nafasi.

Kisha kuna mihuri ambayo panchi ilianguka pasipostahili. Kwenye ukingo wa senti za kilemba kuna vijino vidogo vilivyozunguka sarafu. Kagua vijino vilivyo chini ya mwaka. Mara kwa mara utakuta kichwa cha tarakimu kimejificha kati ya vijino viwili, kama kilijaribiwa pale kabla ya mwaka kuhamishiwa mahali pake. Sababu yake inabishaniwa, lakini tarakimu ipo.

Namna ya kuangaza haina budi itajwe hapa, maana bila hiyo tarakimu iliyojificha haionekani. Taa isiwe juu ya kichwa chako. Iweke pembeni, chini, ili mwanga upige sarafu kwa kukwaruza uso wake, kisha izungushe sarafu, si taa. Kivuli cha tarakimu ya chini hutokea kwa pembe moja na kupotea kwa nyingine. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha; ukizidisha, kila vumbi litakuwa mwaka. Na usiisafishe sarafu kwa ndimu wala majivu. Shaba iliyosuguliwa hupoteza thamani, na mabaki ya tarakimu ya chini ndiyo ya kwanza kuondoka.

Mwaka ndani ya picha

Mwaka 1909 Victor David Brenner alichora Lincoln, na mwaka ukawa sehemu ya mchoro. Sasa kulikuwa na chuma mama chenye picha iliyotokeza, mwaka ukiwemo, na mihuri yote ya kazi ilitengenezwa kwa kubanwa juu ya chuma mama hicho. Herufi ya kiwanda, D ya Denver au S ya San Francisco, iliendelea kugongwa kwa mkono kwa miongo mingi. Mwaka haukugongwa tena.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, mwaka juu ya mwaka kwa njia ya kugonga panchi ukawa hauwezekani. La pili, tofauti ya umbo la mwaka ikawa uamuzi wa kiwanda, si mkono wa fundi: chuma mama kikibadilishwa katikati ya mwaka, senti mamilioni hutoka na sura moja na mamilioni mengine na sura nyingine. Mwaka 1960 ndivyo ilivyokuwa. Kwenye mwaka mdogo, kichwa cha 1 na cha 9 viko sawa. Kwenye mwaka mkubwa, 1 inamzidi 9 kimo. Senti za San Francisco za 1970 zina ufunguo rahisi zaidi: tazama 7. Ikiwa kichwa cha 7 kiko sawa na 9 na 0, huo ni mwaka mdogo, ambao ni adimu. Ikiwa 7 imekaa chini kidogo, ni mwaka mkubwa wa kawaida. Mwaka mdogo huo huwa pia na neno LIBERTY lililofifia, kwa hiyo una ushahidi wa pili nje ya mwaka.

Kosa jipya la zama hizi ni la kubana. Chuma kinapobanwa huwa kigumu, kwa hiyo iliwabidi kukipasha moto kikalainika, kisha kubana tena. Kama mara ya pili hakikukaa sawasawa, muhuri ulipata picha mbili, kama karani aliyegonga muhuri wa ofisi mara mbili huku mkono ukiyumba. Senti ya 1955 ndiyo mfalme wa makosa haya. Mwaka wote, LIBERTY na IN GOD WE TRUST vimejirudia kiasi kwamba huhitaji lenzi, na zinazokadiriwa kuingia mitaani ni kati ya 20,000 na 24,000. Ya San Francisco ya 1969 ina kisa cha kuchekesha: baadhi zilichukuliwa na maofisa wa Secret Service, idara ya serikali inayopambana na fedha bandia, wakidhani ni bandia, kwa kuwa kulikuwa na watu waliokuwa wakitengeneza senti bandia za 1969 zenye mwaka uliojirudia. Za San Francisco zilikuwa halisi.

Mitandaoni sasa kila senti yenye kivuli huitwa ya muhuri uliojirudia, na wengi hudanganyika kwa sababu ya kutoangalia umbo la kivuli. Muhuri uliojirudia hutoa tarakimu mbili zenye mgongo wa mviringo zote, na tarakimu kwa jumla huwa nene kuliko kawaida. Kwenye ncha huonekana mpasuko kama mkia wa mbayuwayu. Kuna kivuli kingine kinachotokea muhuri unapolegea kwenye mashine na kuteleza wakati wa kugonga. Hicho ni bapa, kama ngazi ya chini, na kinakula tarakimu yenyewe, kwa hiyo tarakimu huwa nyembamba. Hakina thamani. Mihuri iliyochakaa nayo huacha tarakimu zenye kingo zilizovimba. Mfano wake maarufu ni ile ya 1955 ambayo 5 ya mwisho peke yake inaonekana kama imevutwa. Wamarekani huiita 1955 ya maskini, na ni jina linalostahili.

Kwa kuwa mwaka hauwezi kugongwa upya, waghushi wa zama hizi hukata na kubandika. Senti ya Denver ya 1914 huundwa kwa kukwangua 4 ya kwanza ya 1944 iwe 1. Inaacha nafasi kubwa isiyo ya kawaida kati ya 9 na 1. Hata kama nafasi imefichwa, tazama chini ya bega la Lincoln: herufi V.D.B. za jina la Brenner zilirudishwa hapo mwaka 1918, kwa hiyo senti ya 1914 haiwezi kuwa nazo. Ya shaba ya 1943 ndiyo inayotafutwa kuliko zote, maana mwaka huo senti ziligongwa kwa chuma kilichopakwa zinki ili shaba iende vitani. Huundwa kwa njia mbili. Ukiisogeza sumaku ikaruka, ni ile ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba. Isiporuka, tazama 3: ya 1943 halisi ina mkia mrefu unaoshuka chini ya tarakimu nyingine, ilhali 3 iliyopatikana kwa kukata nusu ya kushoto ya 8 ya 1948 haina mkia huo.

Imebaki 1982, ambayo wengi wenu wenye ndugu Marekani mnaweza kuikuta kwenye chupa ya chenji jikoni. Senti za mitaani hazigongwi tena, za mwisho ziligongwa Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025, kwa hiyo chupa hizo hazitajazwa upya. Gharama ya shaba ilikuwa imepanda, na mwaka 1982 kiwanda kikaacha shaba ya asilimia 95 na kuhamia zinki iliyopakwa shaba nyembamba. Mwaka huo huo chuma mama kikabadilishwa, mwaka mkubwa ukawa mdogo. Kwenye mwaka mkubwa tundu mbili za 8 zinakaribia kulingana. Kwenye mwaka mdogo tundu la juu ni dogo. Hapa lenzi peke yake haitoshi, chukua mizani ya sonara: shaba ina gramu 3.11, zinki ina gramu 2.5. Viwanda viwili, metali mbili, maumbo mawili ya mwaka, ni aina nane kwa hesabu, lakini zilizojulikana zilikuwa saba tu. Iliyokosekana ni ya Denver, mwaka mdogo, ya shaba. Mwaka 2016 ikapatikana moja.

Kwa hiyo ukikuta 1982 yenye D na tundu dogo juu ya 8, ipime. Karibu kila mara itasoma 2.5, na vipele vidogo utakavyoviona kwenye mwaka ni mapovu ya shaba iliyoinuka juu ya zinki, si tarakimu ya pili. Ikisoma 3.1, ipime tena kwa mizani nyingine, ifunge kwenye karatasi bila kuigusa uso, na itume kwa wakaguzi wa sarafu kabla hujaipiga picha ya kuisambaza.